Tisini kwa Mia ya Kitu Gani?

Katika nchi yetu ya Ufipa, tokea Msanzi na Matai hadi Kasanga penye ziwa, hapana haja ya kumweleza mtu mzima rupia ya Mjerumani ni kitu gani, kwani kodi ya nyumba iliyotozwa wakati ule, rupia tatu kwa kila nyumba, iliwalazimu wazee wetu kuzitafuta rupia hizo kwa jasho, na chache zilizosalia baada ya kodi kulipwa zikatiwa vibuyuni, zikatobolewa zikawa mikufu ya wanawake, au zikafukiwa chini ya sakafu ya nyumba. Serikali iliyokuwa na boma lake Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, iliondoka Juni 1916 majeshi ya Waingereza yalipoingia. Kisha ikaundwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, florini ikaja mwaka 1920, shilingi nayo ikafuata bila kukawia, na vile vipande vyenye uso wa Kaiser aliyevaa kofia ya tai vikawa havina tena kazi sokoni, isipokuwa kurithiwa.

Wanaovitafuta leo ni watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule dalali aingiaye kijijini kwa pikipiki baada ya mavuno, akanong'ona kwamba rupia ya kweli huvuta punje za mchele, na kwamba yupo tajiri mjini aliye tayari kutoa mamilioni kwa kipande kimoja, ila mwenye nacho atangulize gharama ya kukipima. Huyo sina maneno mengi naye: fedha haivuti mchele, wala haikupata kuvuta, na mwenye kulipia kipimo hicho pesa zake hazioni tena. Wa pili ni mtu wa heshima zaidi, aghalabu kijana wa ukoo aliyesoma, ambaye amegundua kwamba nyumba za mnada za Ulaya na Marekani huuza sarafu za Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa bei nzuri, naye huwajia wazee na habari kwamba nyumba fulani iliuza asilimia 95 ya mali yote iliyonadiwa, hali ya kuwa nyingine iliuza 70 tu, basi mali ya ukoo na ipelekwe kwa ile ya kwanza. Kijana huyu hasemi uongo, na yamkini hesabu aliyoisoma ni sahihi. Lakini hesabu hiyo haijibu swali ambalo wazee wanalo, nami nimemkusudia yeye hasa katika maneno haya.

Lakini kwanza na ajue alichonacho mkononi, kwa sababu hapana nyumba ya mnada iliyo njema kwa kila sarafu. Rupia ya fedha, yenye uzito wa gramu 11.66 na fedha safi sehemu 917 katika elfu, ilipigwa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki tangu 1890 hadi 1902, ikiwa na simba chini ya mnazi, kisha ikapigwa na serikali yenyewe tangu 1904 hadi 1914. Zilipigwa nyingi mno, na iliyosuguliwa na vidole vya watu kwa miaka mingi, au iliyotobolewa kwa ajili ya mkufu, thamani yake haiipiti sana thamani ya fedha iliyomo. Rupia mbili za 1893 na 1894, ile sarafu kubwa inayojaa kiganja, ni adimu, na mwenye nayo ana haki ya kujivuna. Pesa za shaba za 1890 hadi 1892, zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, ni za kawaida. Hela 5 za 1908 na 1909, pana na nzito, hupendwa zikiwa zingali na sura yake ya awali, na zikichakaa hazina mpenzi.

Iliyo juu ya zote ni ile ya Tabora. Vita vilipoifunga bahari, na sarafu kutoka Ujerumani zisiweze kufika tena, serikali ilianza kupiga sarafu zake katika karakana ya reli pale Tabora mwaka 1916: hela 5 na hela 20 za shaba nyeupe na nyekundu, zilizofanywa kwa haraka na mara nyingi zikatoka zimepinda au zimekosa sehemu ya herufi, na pamoja nazo rupia 15 za dhahabu iliyochimbwa Sekenke, zenye tembo ainuaye mkonga mbele ya milima, na herufi T ya Tabora. Za dhahabu zilipigwa 16,198, kila moja ina uzito wa gramu 7.17 na dhahabu safi sehemu 750 katika elfu, na wapenzi wa sarafu huzigawa katika namna mbili kwa kutazama pambo la pembeni limeishia chini ya herufi gani. Mwezi wa Septemba mwaka huo Wabelgiji wakauingia mji, na kazi ya karakana ikawa imekwisha. Kwa kuwa sarafu hiyo ya dhahabu ni nzuri, na kwa kuwa hadithi yake ni nzuri kuliko hata sura yake, imeigizwa na waghushi wa kila nchi. Hivyo mwenye kudhani anayo na aipime uzito kwa mizani ya sonara kabla hajapanga kitu chochote, wala asimruhusu sonara huyo kuikwangua kwa tupa wala kuitia tindikali, na kuisugua kwa majivu au dawa ya meno ndiko kuiua kabisa, kwa kuwa mnunuzi wa sarafu hununua ngozi yake ya awali, na ngozi hiyo ikishaondoka hairudi.

Sasa tuje kwenye ile asilimia. Nyumba ya mnada huipanga mali katika mafungu, kila fungu na namba yake. Siku ya mnada baadhi ya mafungu hupata mnunuzi na baadhi hukosa. Na kiwango cha kuuzika ni idadi ya mafungu yaliyouzwa ikigawanywa kwa idadi ya yaliyonadiwa. Hesabu yenyewe ni ya mtoto wa darasa la tano. Ugumu wake umo katika kujua kilichohesabiwa, na zaidi katika kujua kile ambacho hakikuhesabiwa.

Jambo la kwanza la kuuliza ni bei ya chini, yaani ile ambayo mwenye mali amesema asishuke chini yake. Nyumba inayopokea mali bila bei ya chini itauza karibu kila kitu, kwa maana yupo siku zote mtu wa kutoa kidogo, nayo itatangaza asilimia 97 au 98 bila kusema uongo hata chembe. Nyumba inayowaachia wauzaji wake waweke bei ya chini karibu sawa na makadirio itauza kwa uchache, na huo uchache ni alama ya kuwa wenye mali hawakuporwa. Mwenye kuuza mahindi katika soko la Sumbawanga ataelewa bila maelezo zaidi: anayeshusha bei saa tatu asubuhi hurudi nyumbani na magunia matupu kabla ya wenzake wote, na hapana anayemsifu. Baina ya njia hizo mbili ipo desturi iliyoenea Ujerumani, ya kuanza kupokea zabuni kwenye asilimia 80 ya makadirio. Huko kiwango cha kuuzika kina maana iliyo dhahiri zaidi, kwa kuwa kila fungu lililouzwa limefika walau hapo. Kwa hiyo usilinganishe nyumba ya desturi hii na nyumba isiyo na bei ya chini kana kwamba zinacheza mchezo mmoja.

Jambo la pili ni idadi na thamani. Tuseme mnada una mafungu 100, ambayo 90 kati yake yamekadiriwa dola 100 kila moja, na 10 yamekadiriwa dola 5,000 kila moja; yale madogo yakauzwa yote kwa makadirio yake, na yale makubwa yasiuzwe hata moja. Nyumba itasema, na itakuwa imesema kweli, kwamba imeuza asilimia 90. Lakini mali iliyoingia ilikadiriwa dola 59,000, na iliyouzwa ni ya dola 9,000, yaani asilimia 15 na ushei. Mwenye rupia ya kawaida ataona mnada ulifana. Mwenye dhahabu ya Tabora, ambaye fungu lake lingekuwa miongoni mwa yale 10, atakuwa amerudishiwa sarafu yake na ankara ya gharama. Nimekuta watu wenye akili timamu, wafanya biashara wazoefu, wakikipita kipengele hiki kana kwamba hakipo.

La tatu ni mafungu yaliyotoweka. Orodha ikishachapwa, baadhi ya mafungu huondolewa kabla ya mnada, ama kwa shaka ya kughushiwa, ama kwa ugomvi wa warithi, ama kwa kuwa hapana aliyeyaulizia na nyumba haipendi yaonekane yamekosa mnunuzi. Mafungu 500 yakatangazwa, 40 yakaondolewa, 414 yakauzwa: ukigawanya kwa 460 unapata asilimia 90 kamili, ukigawanya kwa 500 unapata 83 kasoro kidogo. Upande wa pili zipo nyumba ambazo baada ya mnada huendelea kwa siku kadhaa kuuza yaliyobaki kwa bei ya kuanzia, kisha huyaongeza katika hesabu. Hilo si kosa, bali ni msaada kwa muuzaji, ila ni lazima lijulikane, ili nyumba isiyo na desturi hiyo isionekane dhaifu bure.

Kuyagundua haya hakuhitaji ujuzi wa siri. Namba za mafungu hufuatana, na katika orodha ya matokeo inayoonyesha yaliyouzwa tu, kila namba iliyorukwa ni fungu lililoondolewa au lililokosa mnunuzi; zihesabu namba zilizorukwa, na utakuwa na hesabu yako mwenyewe isiyopitia kwa mtangazaji wa nyumba. Kadhalika tazama kama sarafu ile ile hujitokeza tena baada ya miezi sita au mwaka. Sarafu iliyofungwa katika kifuko kigumu na kampuni za kupima daraja, kama vile PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza mwaka uliofuata, ina namba yake ya cheti na hutambulika mara moja; isiyofungwa hutambulika kwa mikwaruzo yake katika picha. Ikirudi upesi, na kwa makadirio ya chini kuliko mara ya kwanza, basi huenda mauzo yale ya kwanza hayakulipwa, au mnunuzi hakuwa mnunuzi wa kweli.

Sasa, nyumba zipi? Fritz Rudolf Künker wa Osnabrück, iliyoanza 1971, hukutana na wanunuzi wa Kijerumani ambao sarafu za makoloni yao ya zamani ni sehemu ya historia ya kwao, na wengine wao hukusanya kwa herufi ya karakana, A ya Berlin, J ya Hamburg, na T ya Tabora. Heritage ya Dallas, iliyoanza 1976, na Stack's Bowers huwa na wanunuzi wengi zaidi kwa idadi, wapendao sarafu iliyopimwa daraja na kufungwa. Heritage ina pia hifadhi kubwa ya matokeo ya miaka iliyopita, ambayo mtu hujiandikisha bure akaitazama. London wapo Spink na Noonans. Kwa mwenye riyali ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 wa Hijra, au pesa zake za shaba, nyumba ya Stephen Album huko Santa Rosa, California, yenye ustadi katika sarafu za Kiislamu, ni ya kufikiriwa kabla ya hizo nyingine. Sisemi nyumba moja ni bora kuliko mwenzake, kwa sababu kwa njia nitakayoieleza kila mtu aweza kulijua hilo kwa ajili ya sarafu yake.

Njia yenyewe ni hii. Chukua matokeo ya miaka mitatu ya kila nyumba uliyoichagua, uache mafungu ya Uingereza na Roma na Uajemi yote, uandike katika daftari yale tu yanayofanana na mali yako: sarafu hiyo hiyo, na hali inayokaribiana na hali ya yako. Kwa kila fungu andika makadirio, bei iliyofikiwa, na kama lilikosa mnunuzi. Dhahabu ya Tabora hujitokeza mara kwa mara minadani, kwa kuwa zilipigwa maelfu, hivyo utapata mafungu ya kutosha. Rupia mbili za 1894 utazipata chache, nawe hapo uwe na hadhari, kwa maana nyumba iliyonadi nne ikauza tatu na nyumba iliyonadi nne ikauza zote nne hazina tafauti ambayo mtu mwenye busara angeijengea shauri. Mafungu yakipungua ishirini, iangalie zaidi bei kuliko asilimia.

Na bei nayo ina mtego wake. Nyumba za Marekani kwa kawaida hutangaza bei pamoja na ada anayoilipa mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani ile iliyofungiwa mnadani, ada ambayo mara nyingi ni sehemu ya tano au zaidi. Nyumba za Ujerumani aghalabu hutangaza bei ya nyundo peke yake. Dola 2,400 zilizotangazwa Dallas, ikiwa ada ni asilimia 20, ni dola 2,000 za nyundo, wala hazizidi dola 2,000 zilizotangazwa Osnabrück hata senti moja. Katika hizo 2,000 hutoka ujira wa nyumba kwa muuzaji, ambao hupatanwa. Ukiwa asilimia 10 umebakiwa na 1,800, kabla ya bima, usafirishaji, picha, na makato ya benki. Mwenye kulinganisha bei hizo mbili kama zilivyochapwa atapeleka mali Marekani kwa faida isiyokuwepo.

Lipo hata hivyo jambo moja linalomtofautisha mtu wa Ufipa na muuzaji wa Berlin, nalo ndilo linalonifanya nisiidharau asilimia kabisa. Muuzaji wa Berlin sarafu yake ikikosa mnunuzi hupanda treni kuifuata. Sarafu ya Msanzi ikikosa mnunuzi inapaswa kusafirishwa tena kwa bima, ipite forodha ya kule na ya huku, na wakati mwingine ilipiwe ada ya fungu lisilouzwa. Kwetu sisi kukosa mnunuzi ni hasara kubwa kuliko kwao. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba kwa sarafu ya dhahabu au iliyo adimu, itafutwe nyumba inayokubali bei ya chini kwa maandishi, na ambayo katika daftari lako imeuza walau nne katika tano za sarafu kama hiyo, kisha bei ya chini iwekwe kwa kiasi, karibu asilimia 70 au 80 ya makadirio, wala isiwekwe kwa tamaa. Rupia za kawaida zilizochakaa zisipelekwe ng'ambo hata kidogo. Gharama itazila zote. Ziuzwe kwa wapenzi wa sarafu walio Dar es Salaam na Arusha, au zibaki katika ukoo, na hakuna aibu katika hilo.

Juu ya forodha sharti niseme zaidi kidogo, maana wengi huiacha hadi mwisho. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dhahabu ihesabiwayo kuwa ya uwekezaji husamehewa kodi ya ongezeko la thamani, lakini kwa sarafu msamaha huo huhitaji dhahabu safi isiyopungua 900 katika elfu, na ile ya Tabora ni 750. Kwa hiyo iulize nyumba, kabla ya kupeleka, nani atalipa kodi ya kuingiza na kwa utaratibu gani, nawe upewe jibu kwa barua. Huku nyumbani, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kila kitu kilichofanywa na mkono wa mwanadamu kabla ya mwaka 1863, na kukitoa nje bila kibali ni kosa. Sarafu za Kijerumani ni za baada ya mwaka huo, walakini ni busara kupata barua ya Idara ya Mambo ya Kale inayosema hivyo, ili afisa wa forodha asiwe na la kukisia. Na mtu akiokota sarafu ya Kilwa, ile ndogo ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu, au fedha kama zile zilizofukuliwa Mtambwe Mkuu huko Pemba mwaka 1984, zaidi ya elfu mbili kwa pamoja, hiyo si mali ya mnada. Aipeleke makumbusho, aeleze mahali hasa alipoiokota.

Yaliyobaki ni ya karatasi. Warithi wote watie saini kukubali mauzo, mbele ya mwanasheria au mtendaji wa kata, kabla sarafu haijatoka nyumbani, kwa sababu nyumba ya mnada ikipata barua ya shangazi mmoja asiyeridhika italiondoa fungu siku hiyo hiyo. Piga picha pande zote mbili na ukingo, kwenye mwanga wa jua na karibu na rula. Usitume sarafu kwa barua ya kawaida ya posta. Mkataba na nyumba uonyeshe bei ya chini, ujira, ada ya kutouzika, nani analipia bima ya kurudi, sarafu ya malipo kama ni yuro au dola, na siku ya malipo, ambayo mara nyingi huwa mwezi mmoja na nusu baada ya mnada au zaidi, kwa kuwa nyumba husubiri kwanza kulipwa na mnunuzi. Na akaunti itakayopokea iwe ya fedha za kigeni, kwa jina lile lile lililo katika mkataba, ifunguliwe Sumbawanga kabla ya kutia saini.